Kengele Yetu na Reli za Afrika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)



Katibu wa Chama aliponiandikia akiniomba niseme machache juu ya historia ya reli barani Afrika, alinipa dakika thelathini. Nilicheka peke yangu. Nimefanya kazi ya reli zaidi ya miaka thelathini, sasa naambiwa niimalize kwa dakika thelathini! Lakini mtu wa reli huheshimu saa, kwa hiyo nitajitahidi kufika mwisho wa safari kwa wakati, na stesheni nyingine itanibidi nizipite bila kusimama. Naomba radhi mapema.

Naanza na kitu ambacho kila mmoja humu anakijua. Kengele ya shule hii si kengele. Ni kipande cha reli, urefu wake kama mkono mmoja na shubiri, kilichotundikwa kwa waya chini ya mwembe. Kipande hicho ndicho kilichotuamsha alfajiri, kikatupeleka shambani, darasani na bwaloni, kisha kikatulaza saa nne usiku. Wengi wetu tulikichukia. Mimi nilikichukia zaidi ya wote, maana nilipokuwa kidato cha pili nilichaguliwa kuwa mpiga kengele, na mpiga kengele sharti aamke kabla ya wenzake.

Asubuhi moja nilipokuwa nangoja dakika zitimie, niliona ubavuni mwa chuma kile maandishi yaliyotokeza. Nikasugua kutu kwa mchanga. Kulikuwa na maneno ya kigeni, na mwisho wake tarakimu: 1910. Nikamwuliza mwalimu wetu wa jiografia. Akaniambia kwamba Wajerumani walikuwa wakijenga reli kutoka Dar es Salaam kuja bara, na kwamba chuma hicho kilifika kwa meli kabla babu yangu hajaoa. Kilibeba magari mpaka kikachoka, kikatolewa njiani, kikapewa shule. "Sasa," akasema, "kinawabeba ninyi." Barua yangu ya kuajiriwa ilikuja mwaka 1975, lakini naamini reli ilinichukua asubuhi ile.

Sasa tuingie katika safari yenyewe.

Gari la moshi la kwanza katika Afrika lilitembea Misri. Mtawala wa Misri, Abbas wa Kwanza, aliafikiana mwaka 1851 na Robert Stephenson, fundi wa Kiingereza, ajenge reli kutoka Alexandria mpaka Cairo. Ilipofika mwaka 1856 miji hiyo miwili ilikuwa imeunganishwa. Upana wa njia, yaani nafasi kutoka reli moja hadi nyingine, ulikuwa milimita 1435, sawa na ule wa Uingereza. Nawaomba wadogo zangu muiandike namba hiyo, maana hadithi yote ya leo imo ndani ya upana huo.

Kusini, katika koloni la Cape, reli zilianza muda mfupi baadaye, nazo kwa upana huohuo wa Kiingereza. Kisha ikapatikana almasi Kimberley, na wakubwa wakataka reli ivuke milima haraka kwenda ndani. Njia pana huhitaji kona pana, tuta pana na mahandaki makubwa, na vyote hivyo ni fedha. Kwa hiyo mwaka 1873 Serikali ya Cape iliamua kutumia futi 3 na inchi 6, yaani milimita 1067. Njia ya namna hiyo hukata kona kali zaidi, na gharama yake ni nafuu. Uamuzi ule wa watu wachache, uliofanywa kwa ajili ya safu moja ya milima, umeamua reli za nusu ya bara hili. Njia hiyo ilifika Kimberley mwaka 1885, Bulawayo mwaka 1897, ikavuka Mto Zambezi kwenye daraja la Victoria Falls mwaka 1905, na mwaka 1909 ikagusa mpaka wa Kongo.

Cecil Rhodes alikuwa na ndoto ya reli moja kutoka Cape mpaka Cairo, chini ya bendera moja. Alikufa mwaka 1902 bila kuiona, na hakuna aliyeiona mpaka leo. Hata kama nchi zote zilizo katikati zingekuwa zimejengewa njia, gari lisingeweza kupita. Kitchener alipojenga reli ya kijeshi ya Sudan mwaka 1897, akikata jangwa kutoka Wadi Halfa mpaka Abu Hamed ili apate kupeleka askari na vyakula vya vita, alitumia milimita 1067, ilhali Misri jirani ilikuwa na milimita 1435. Ndoto ilikwisha kuvunjika Wadi Halfa, na hao wote walikuwa watu wa upande mmoja!

Nanyi mkiitazama ramani ya reli za Afrika, mtaona jambo. Mistari inatoka pwani na kuingia bara, mmoja hapa, mwingine pale, na mingi haikutani. Wazee wangu walikunywa pombe kwa mirija kutoka chungu kimoja. Kila mzee alikuwa na mrija wake, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mrija wake unaungana na wa mwenzake, maana kazi ya mrija ni kuvuta. Reli nyingi za ukoloni zilikuwa mirija. Mwisho mmoja uko bandarini, mwisho wa pili uko penye shaba, pamba, mkonge, kahawa au penye askari wa kupeleka.

Kwetu Afrika Mashariki mirija ilikuwa miwili, na ilishindana. Waingereza walianza kutandika reli Mombasa mwaka 1896. Walichagua upana wa mita moja kamili, uliokuwa umeenea India, na kutoka India walileta vibarua na mafundi wapatao 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi. Huko Tsavo mwaka 1898 simba wawili walizuia kazi ya daraja kwa miezi. Mkuu wa ujenzi pale, Patterson, aliwaua mwezi Desemba, na hesabu za reli zilitaja vibarua wa Kihindi 28 walioliwa, mbali na Waafrika ambao hakuna aliyewaandika vizuri. Nimewataja simba kwa kuwa najua mngeniuliza. Lakini malaria na kuhara viliua watu wengi kuliko simba yeyote, ila hakuna anayetunga hadithi juu ya kuhara.

Mwezi Mei 1899 njia ilifika kwenye uwanda wa Wamasai penye kijito cha maji baridi, ikasimama pale kupanga karakana na mabohari kabla ya kushuka Bonde la Ufa. Mahali pale ndipo Nairobi. Kuteremka bondeni kulikuwa kugumu hata mabehewa yakashushwa kwa kamba za chuma kwa muda, mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu.

Lakini reli haikupita katika nchi tupu. Wanandi walipinga kwa miaka mingi. Walichukua nyaya za simu na bolti za njia, wakazifanya mapambo na silaha, na Waingereza waliwapelekea majeshi mara kwa mara. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwezi Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa kutafuta amani. Kijana anayepita sehemu zile kwa gari, akitazama mashamba ya chai, afahamu kwamba njia ile ina deni.

Wajerumani nao walikuwa wameanza Tanga mwaka 1893. Kampuni yao ikafilisika, Serikali ikaichukua, na reli ikapanda polepole kupita Korogwe na Mombo, mpaka ikafunguliwa hadi Moshi mwaka 1912. Reli yetu ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya zamani ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba pembe kichwani kwa miezi mitatu hivi mpaka pwani, wengi wao ndio waliobeba mataruma na kutandika njia iliyowanyang'anya kazi yao. Kengele yetu ni ya miaka hiyo. Kila nilipoigonga nilikuwa nagonga jasho la mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Mahali pengine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika Kongo iliyotawaliwa na Wafaransa, reli ya kutoka Brazzaville mpaka Pointe-Noire ilijengwa kati ya 1921 na 1934 kwa kazi ya kulazimishwa. Ni kilomita mia tano na ushee tu, nayo ilimeza watu wapatao 17,000 kwa makadirio ya kiasi. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, nilikaa nikihesabu ni watu wangapi kwa kila kilomita moja. Nanyi fanyeni hesabu hiyo. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini majibu yake si ya darasani.

Turudi kwetu. Kulikuwa na bahati moja. Wajerumani na Waingereza, kila mmoja kwa sababu zake, walichagua upana uleule wa mita moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitandika njia kutoka Voi kwenda Kahe, wakaungana na ile ya Moshi. Mwaka 1928 tawi la Tabora likafika Mwanza. Mwaka 1931 reli ya Kenya ikafika Kampala, na mwaka 1956 ikafika Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori. Mwisho, mwaka 1963, tukaunganisha Ruvu na Mnyusi, na reli ya Kati ikashikana na ya Tanga.

Ndugu zangu, fikirini maana yake. Kuanzia mwaka ule behewa moja liliweza kupakiwa Kigoma, likapita Tabora, Morogoro, Ruvu, Korogwe, Kahe, Voi, Nairobi, Nakuru, Kampala, likafika Kasese bila mzigo wake kuguswa. Nchi tatu, shirika moja, kitabu kimoja cha kanuni. Kule Kenya zilikuwapo zile injini kubwa za moshi zenye kuungana kiunoni, zilizotengenezwa Manchester, 34 kwa idadi, kila moja uzito wake tani 252, na kila moja ikiitwa kwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hapakuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda duniani kote katika reli za mita moja. Mtu aliyeona moja ikipanda mlima na moshi wake hasahau mpaka kufa.

Mimi niliingia kazini mwaka 1975. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa. Mabehewa yaliyokuwa upande huu yalibaki upande huu, na injini zilizokuwa upande ule zilibaki ule. Mafundi waliokula sahani moja jana waliagana kwenye jukwaa la stesheni, kila mmoja akarudi kwao na sanduku lake. Ugomvi wa kugawana mali haukumalizwa mpaka mkataba ulipotiwa saini Arusha mwaka 1984. Nasema haya bila kumlaumu mtu. Nataka vijana mjue kwamba njia inaweza kuungana na bado gari lisipite, maana reli haiunganishwi kwa chuma peke yake.

Sasa nije kwa TAZARA, ambayo kwa maoni yangu ni sura nzuri kuliko zote katika kitabu hiki. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, ilikuta shaba yake yote inapitia mikononi mwa wasioitakia mema. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda waliomba msaada wa reli ya kwenda Dar es Salaam. Nchi za Magharibi zilifanya uchunguzi zikasema haitalipa. Uchina ilikubali, na mkataba ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Uchina ilitoa mkopo usio na riba.

Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Kilomita 1,860 zilitandikwa kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na mwezi Juni 1975 reli zilikuwa zimekamilika, kabla ya wakati uliopangwa. Ilikabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Sehemu ya Mlimba mpaka Makambako ndiyo iliyokuwa mtihani, kwa mahandaki, madaraja na matope yake. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto. Nimekwenda pale mara mbili. Ni makaburi nadhifu, nami nimejiuliza kama Watanzania na Wazambia waliokufa kwenye kazi ileile wana mahali pao.

TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1067 ili ishikane na reli za Zambia na za kusini. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini Dar es Salaam ilijikuta ina reli mbili zilizo jirani na zisizoweza kubadilishana hata behewa moja. Tofauti yake ni milimita 67. Hebu kunjueni kiganja mbele ya macho yenu. Vidole vinne mkivishikanisha vinazidi kidogo upana huo. Kwa ajili ya vidole vinne, shehena iliyotoka Zambia kwenda Kigoma ilibidi ishushwe na kupakiwa upya. Mwaka 1998 kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana. Nimesimama pale nikatazama winchi ikiinua kontena kutoka behewa la huku na kulitua juu ya behewa la kule, mita chache tu. Nikawakumbuka wale wakubwa wa Cape wa mwaka 1873 na mlima wao.

TAZARA ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, nayo haijafikia kiasi hicho hata mwaka mmoja. Mvua na maporomoko, upungufu wa injini, barabara za lami, kufunguliwa tena kwa njia za kusini, vyote vilichangia. Na kuna sababu moja ambayo si ya TAZARA peke yake, bali ni ya kila reli niliyoiona, nayo ni matunzo. Kujenga kuna sherehe, kuna utepe wa kukata na ngoma. Kutunza hakuna ngoma. Hapo, Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa nisimamishe gari, maana nina jambo la kusema ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Mwezi Desemba 1981 nilikuwa mkaguzi wa njia katika sehemu moja ya reli. Sitaitaja sehemu wala idara, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Kanuni ilikuwa wazi. Baada ya mvua kubwa, mkaguzi hupita njia yake yote kwa miguu au kwa toroli kabla ya treni ya abiria, kisha hutia saini kitabuni kwamba njia ni salama. Siku ile mvua ilinyesha kutwa. Jioni kulikuwa na arusi ya rafiki yangu. Njia nilikuwa nimeipita jana yake, ikiwa nzima. Nikachukua kalamu, nikaandika kwamba nimekagua, nikatia saini, nikaenda arusini.

Katika sehemu yangu kulikuwa na mzee mmoja wa genge. Sitamtaja jina, maana sijawaomba ruhusa watoto wake. Alisoma mpaka darasa la nne. Usiku ule, bila kuagizwa na mtu, alichukua taa, spana na fataki zake akapita njia. Kwenye kalvati moja alikuta maji yamebeba kokoto na udongo wote, na mataruma yananing'inia kwenye reli kama nguo kwenye kamba. Alikimbia kuelekea treni inakotoka, akafunga fataki juu ya reli, akasimama na taa nyekundu mvuani. Treni ilisimama hatua kama mia mbili kutoka kwenye shimo.

Ilikuwa wakati wa kufunga shule. Mabehewa ya daraja la tatu yalijaa wanafunzi wenye waranti za likizo, na wengi walikuwa wa shule hii. Najua mmo humu. Ninyi mliokuwa hapa mwaka 1981 mtakumbuka usiku mliolala porini ndani ya treni, mkaambiwa kwamba injini ina hitilafu. Injini haikuwa na hitilafu. Mimi ndiye niliyekuwa na hitilafu.

Alfajiri nilifika pale na nguo za arusi. Mzee yule alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, kitabu hakibebi gari. Njia ndiyo inayobeba gari." Kisha akarudi kwenye koleo lake.

Taarifa iliyokwenda juu ilisema kwamba hatari iligunduliwa katika ukaguzi. Wakubwa wakasoma kitabu, wakaona saini yangu, na baada ya miezi miwili nikapata barua ya pongezi. Nilipaswa kuirudisha. Sikuirudisha. Ilinisaidia hata kupanda cheo. Mzee yule alistaafu kwa kiinua mgongo kidogo, akafariki miaka kadhaa baadaye, wala hakuna karatasi yoyote inayosema alichokifanya usiku ule. Nilikwenda mazikoni, nikashika koleo kama wengine, na sikusema neno. Ndiyo sababu nimelisema leo, katika nyumba hii, mbele yenu ambao maisha yenu yalikuwa ndani ya treni ile. Naomba mnisamehe.

Gari liendelee. Leo reli zinajengwa tena Afrika. Ethiopia, iliyokuwa na njia ya zamani ya mita moja kutoka Djibouti iliyofika Addis Ababa mwaka 1917, ilizindua mpya ya umeme mwaka 2016. Wenzetu wa Kenya walizindua yao kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa Mei 2017. Hapa kwetu treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Imeundwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Nilipanda. Nilikaa dirishani kama mtoto, na pale njia mpya ilipokaribiana na ya zamani, niliona wanagenge wakiwa na makoleo yao, nikawapungia mkono. Sidhani kama waliniona, tulikuwa tumekwisha pita.

Reli hizo mpya zote ni za milimita 1435, ule upana ulioanza Misri mwaka 1851. Upande mwingine, reli ya Benguela kule Angola, ambayo vita viliifunga tangu mwaka 1975, imejengwa upya, na kwa kuwa ni ya milimita 1067, inashikana na Kongo, Zambia na TAZARA. Mwezi Julai 2019 treni ya watalii iliondoka Dar es Salaam ikafika Lobito, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki, kwa chuma mwendo mzima. Mwezi Septemba 2024 Tanzania, Zambia na Uchina zilitia saini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kwa hiyo tunazo sasa aina tatu za upana katika nchi moja, na ninyi wadogo zangu ndio mtakaoamua ipi ikutane na ipi, na wapi.

Siwezi kuwaambia uamuzi gani ni sahihi. Nawaomba mambo mawili tu. Mkipewa siku moja kazi ya kupanga kitu, iwe reli, bomba, nyaya za umeme au mtaala wa shule, kabla hamjapiga mstari wa kwanza ulizeni jirani yenu anatumia upana gani. Vidole vinne vya leo ni winchi ya Kidatu kesho kutwa. La pili ni kwamba baada ya ngoma na utepe, atafutwe mtu wa kupita njia usiku wa mvua, alipwe vizuri, na jina lake liandikwe.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili kwa Chama. Nimeona katika ajenda kwamba shule itanunua kengele ya umeme, na kipande cha reli kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kengele ya umeme ni jambo jema, siipingi. Lakini naomba reli ibaki mwembeni. Umeme ukikatika, mtaihitaji. Na umeme usipokatika, bado kuna kijana atakayepita pale na kusoma ile 1910.

La pili, nimemkabidhi Mweka Hazina kiasi kidogo cha fedha kutoka kiinua mgongo changu, ili kila mwaka itolewe zawadi. Isitolewe kwa aliyeongoza mtihani, maana huyo ana zawadi nyingi. Apewe mwanafunzi ambaye kwa mwaka mzima alitunza kitu cha shule, iwe bomba, maktaba, bustani au taa, bila kusimamiwa. Isiitwe kwa jina langu. Iitwe Zawadi ya Mtu wa Njia. Watoto wa yule mzee wakiniruhusu, mwakani nitawaletea jina.

Saa yangu inaonyesha nimechelewa dakika nne. Kwa reli yetu ya zamani, hiyo ilihesabiwa kuwa ni kufika mapema.